Alimantasio ya kompyuta ya mezani imekufa: mwongozo kamili wa kuchagua nyingine

Ukiingia duka la vifaa vya kompyuta kule Birere, mjini Goma, na kusema alimantasio yako (kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme) imekufa, swali la kwanza utakaloulizwa ni moja: wati ngapi? Halafu unaletewa sanduku lenye 600 imeandikwa kubwa kwa rangi nyekundu. Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. Kwanza ujue kama kweli imekufa. Kisha ujue fishi (mdomo wa kebo) ya kadi mama ina pini ngapi, halafu umbo la kisanduku chenyewe. Wati zinafuata hapo, na baada yake kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusi kabisa: kama itastahimili umeme wa mtaani kwako, uwe wa SNEL, wa Virunga Energies, wa Socodee, wa Nuru au wa jenereta. Mtu anayetazama wati tu ni kama anayenunua tairi la pikipiki bila kusoma namba ya rimu.

Hakikisha kwanza kwamba ndiyo iliyokufa

Unahitaji bisibisi ya nyota, multimita hata ya bei ndogo, na kipande cha waya au klipu ya karatasi.

1. Chomeka chaja ya simu kwenye prizi ileile, kupitia multiprizi ileile. Kisha badilisha kebo: ile ya skrini kwa kawaida ina mdomo sawa na ya kompyuta. Tazama swichi ya nyuma, ile ya I na O, iwe kwenye I. Kompyuta nyingi hupelekwa kwa fundi kwa sababu mtoto au mfagiaji aliigusa swichi hiyo.

2. Chomoa kebo ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15, subiri dakika mbili, chomeka tena. Alimantasio nzuri ikiguswa na msukumo wa umeme hujifunga yenyewe kujilinda, na haifunguki mpaka ichomolewe.

3. Bado? Chomoa umeme, fungua kasha, toa fishi zote: ile kubwa ya pini 24, ile ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa, za diski, na ya kadi ya picha kama ipo. Alimantasio ibaki peke yake.

4. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Rudisha umeme. Ncha nyeusi iguse waya wowote mweusi kwenye fishi kubwa, ncha nyekundu iguse waya wa zambarau. Unapaswa kusoma kati ya 4.75 na 5.25. Hii ni volti ya kusubiri, inakuwepo hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ukisoma sifuri, alimantasio imekufa na huna haja ya kupima kingine.

5. Volti 5 ikiwepo, zima swichi ya nyuma. Tafuta waya wa kijani: uko upande wenye kikufuli cha fishi, wa nne kutoka mwisho, na una waya mweusi kila upande. Unganisha huo wa kijani na mweusi wowote kwa klipu. Chomeka diski kuukuu au feni ili pawe na mzigo kidogo, kisha washa swichi. Feni ya alimantasio ianze kuzunguka.

6. Pima nyaya za rangi. Njano isome 11.40 hadi 12.60. Nyekundu 4.75 hadi 5.25. Chungwa 3.14 hadi 3.47. Waya wa kijivu ufike karibu volti 5 ndani ya nusu sekunde baada ya kuwasha. Ndio unaoiambia kadi mama kwamba umeme umetulia. Kijivu kikibaki chini, feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi, na mafundi wengi hapo wanaanza kulaumu RAM.

Alimantasio nyingine zina nyaya zote nyeusi. Hapo fuata nafasi ya pini, si rangi.

Vipimo hivi vikipita, usitangaze bado kwamba ni nzima. Bila mzigo mkubwa, hata alimantasio mgonjwa husoma 12.1. Dalili ya ugonjwa huo ni kompyuta inayowaka vizuri asubuhi, unaandika barua na kufungua hesabu bila shida, halafu inazima ghafla au kujiwasha upya pale unapoanza kukata video au kuchapa picha nyingi. Rudisha fishi zote, washa, kisha pima njano na nyeusi kwenye fishi ya diski wakati mashine inafanya kazi nzito. Ikishuka chini ya 11.4, umempata mwenye kosa.

Kuna hali ya kinyume: ikiwa peke yake alimantasio inazunguka, ukiirudisha kwenye kadi mama inatoa mlio mfupi, feni inasogea kidogo, kisha kimya. Hapo kuna njia ya mkato ya umeme mahali fulani, na alimantasio inafanya kazi yake ya kujilinda. Toa kadi ya picha, diski na vifaa vya USB kimoja kimoja ukijaribu kila mara. Tazama kama skrubu imeanguka nyuma ya kadi mama, na kama kapasita zilizo karibu na prosesa zimevimba kichwa. Ukinunua alimantasio mpya kwa tatizo la namna hiyo, hela umeitupa ziwani.

Kuhusu kuifungua

Usifungue alimantasio yenyewe kama si kazi yako. Umeme wa volti 220 ukigeuzwa kuwa DC unapanda hadi volti 311 hivi ndani ya kapasita kubwa, na katika aina yenye PFC hai (saketi inayorekebisha jinsi umeme unavyovutwa) unafika karibu 380. Kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa kebo, ya kutosha kukuangusha.

Kuna desturi ya kubadilisha fyuzi ya ndani na kurudisha kifuniko. Fyuzi hiyo mara nyingi haikuungua yenyewe. Imeungua kwa sababu transista za nyuma yake zimeshikana. Utaweka mpya na itaungua sekunde ileile. Anayeweka uzi wa shaba mahali pa fyuzi ndiye anayeleta moto nyumbani.

Fishi kabla ya wati

Goma, Bukavu na Lubumbashi zimejaa kompyuta za okazio, yaani zilizokwisha kutumika, zilizotoka ofisi za Ulaya na Marekani: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, lakini nyingi hazitumii fishi ya kawaida ya pini 24. Mtu anatoka Majengo hadi katikati ya mji, ananunua alimantasio ya kawaida, anafika nyumbani na kukuta haina pa kuingia.

Fungua kasha kabla ya kutoka nyumbani. Hesabu pini za fishi kubwa. Piga picha ya fishi hiyo, ya kibandiko cha alimantasio, na ya sehemu ya nyuma yenye skrubu. Picha hizo tatu zina thamani kuliko maelezo yoyote utakayompa muuzaji.

Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 na wenzake wa wakati huo, 3010 na 9010, bado zina pini 24. Walioifuata, OptiPlex 3020, 7020 na 9020, wana pini 8. OptiPlex 3050, 5050 na 7050 wana pini 6. Kwa HP, EliteDesk 800 G1 na ProDesk 600 G1 zina fishi kuu ya pini 6. Lenovo ThinkCentre M73, M83 na M93 hutumia pini 14, na baadhi ya zile zenye kasha dogo hutumia 10. Orodha hii haimalizi aina zote. Ndiyo maana hesabu kwa macho yako.

Hatari kubwa iko kwenye hizo za pini 6 na 8. Fishi ya kadi ya picha nayo ina pini 6 au 8. Kwa umbo zinafanana kiasi kwamba mtu mwenye haraka, au mwenye nguvu mikononi, ataichomeka ya kadi ya picha kwenye kadi mama. Mpangilio wa nyaya ni tofauti kabisa. Fishi ikikataa kuingia kwa wepesi, iache.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta alimantasio ya mtengenezaji mwenyewe, iliyotolewa kwenye mashine nyingine ya aina ileile. Soma namba ya kipande kwenye kibandiko chako, ile inayoanza kwa P/N au DP/N, uitafute hiyohiyo. Katika maduka ya okazio hupatikana mashine zilizokufa kadi mama huku alimantasio zao zikiwa nzima, na kwa kompyuta ya kuandikia tu hii ndiyo njia tunayoipendekeza.

Ya pili ni alimantasio ya kawaida pamoja na kebo ya kugeuza: 24 kwenda 8 au 6 kwa Dell, 24 kwenda 6 kwa HP, 24 kwenda 14 kwa Lenovo. Hapa kuna mtego. Baadhi ya kadi mama hizi hazitaki volti 5 ya kusubiri, zinataka 11 au 12. Kebo nzuri kwa mashine hizo ina kisaketi kidogo katikati, kimefungwa kwa plastiki nyeusi, kinachopandisha volti. Kebo isiyo na kisaketi hicho haitaiwasha mashine hiyo, au itaiwasha siku moja moja. Taja modeli kamili ya kompyuta unapoagiza kebo, maana ya Dell na ya HP hazibadilishani.

Umbo

Aina ya kawaida, ATX, ina upana wa milimita 150, kimo 86, na urefu wa kuanzia 140. Ndogo ya SFX ni 125 kwa 63.5 kwa 100. Nyembamba ya TFX ni 85 kwa 65 kwa 175, nayo hukaa kwenye makasha membamba. Chukua rula, pima, andika. Ukiwa na kasha la ATX na kadi ya picha ndefu, pima pia nafasi iliyobaki nyuma ya alimantasio, kwa sababu zenye nguvu nyingi hurefuka hadi 160 au 180, na kebo nazo zinataka mahali pa kupinda.

Wati za kweli ziko kwenye kibandiko

Geuza kisanduku utafute kibandiko chenye safu za volti na ampea. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye sanduku iache kwanza. Tafuta safu ya +12V, soma ampea, zidisha kwa 12.

Chukua mfano wa alimantasio ya bei ya chini yenye 600W kwenye sanduku. Kibandiko kinasema: +12V ampea 16, +5V ampea 20, +3.3V ampea 18, 5VSB ampea 2. Piga hesabu. 12 mara 16 ni wati 192. 5 mara 20 ni 100. 3.3 mara 18 ni 59. Volti ya kusubiri ni wati 10. Jumla ni 361, na hapo umezihesabu zote kana kwamba zinaweza kutoka kwa pamoja, jambo ambalo kwa kawaida haliwezekani kwa sababu 5V na 3.3V hugawana kikomo kimoja. Hizo 600 ziko wapi? Hazipo. Na kompyuta ya leo hula karibu umeme wake wote kwenye 12V, kwa hiyo kisanduku hicho kwako ni cha wati 192.

Sasa soma kibandiko cha alimantasio ya kweli ya wati 450: +12V ampea 36 hivi, yaani wati 432. Iliyoandikwa 450 ina nguvu zaidi ya mara mbili ya iliyoandikwa 600.

Ukikuta 12V1 na 12V2, usijumlishe ampea zake. Tafuta chini yake wati za jumla za safu hizo mbili, ndiyo namba ya kuamini. Kibandiko kisichoonyesha ampea za 12V kabisa, rudisha kisanduku mezani.

Kisha ujue mashine yako inakula kiasi gani. Tuseme ni kompyuta ya sekretariati, ya kuandika na kuchapa, yenye prosesa Core i5-4590. Prosesa ni wati 84. Kadi mama na RAM, weka 35. SSD 4. Diski ya kuzunguka 8, ingawa sekunde inapoanza kuzunguka inavuta hadi 24. Feni mbili, 5. Jumla ni 136, na wakati wa kuwaka 152. Alimantasio ya kweli ya wati 300 inaibeba bila kutoka jasho. Kununua ya 700 kwa mashine hii ni kulipa dola za bure.

Studio inayokata video za harusi ni habari nyingine. Core i5-12400 imeandikwa wati 65, lakini ikikimbia inaruhusiwa kufika 117. Kadi ya picha GeForce RTX 3060 ni 170. Kadi mama na RAM 40, diski na feni 25. Jumla 352. Kadi za kizazi hicho zina tabia ya kuruka juu sana kwa milisekunde chache, na alimantasio iliyobanwa huzima palepale. Nvidia wenyewe wanapendekeza wati 550 kwa RTX 3060. Chukua 550 au 650 ya kweli.

Kanuni ya kazi: piga hesabu ya mzigo wa juu, uufanye uwe asilimia 50 hadi 70 ya uwezo wa alimantasio. Kapasita hazipendi joto, maisha yake hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, na alimantasio inayofanya kazi karibu na kikomo chake ni ya moto siku nzima.

Kwa kadi ya picha, hesabu pia fishi zake. Nafasi ya kadi mama inatoa wati 75, fishi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. GTX 1650 nyingi zinatosheka na nafasi tu, na ndiyo sababu zinafaa kwa kompyuta za ofisi. Kadi inayotaka pini 8 isilishwe kwa kebo ya kugeuza kutoka fishi ya diski. Nyaya hizo ni nyembamba, na plastiki huanza kuyeyuka kabla hujasikia harufu.

Umeme wa huku kwetu

Kongo ina volti 220, hezi 50. Hiyo ni karatasini. Jioni, mtaa mzima unapopika na kupiga pasi kwenye transfoma moja, multimita yako inaweza kusoma 170 au chini ya hapo, na umeme ukirudi baada ya delestaji (mgao wa umeme) unakuja na msukumo.

Soma kibandiko kwenye neno INPUT. Kuna aina tatu.

Iliyoandikwa 100-240V bila swichi ya kuchagua ina PFC hai. Inakula volti yoyote kati ya hizo na kujirekebisha yenyewe. Kwa umeme unaoshuka jioni, hii ndiyo ya kununua, hata ukiongeza dola kadhaa.

Iliyoandikwa 200-240V au 230V pekee inafanya kazi mahali umeme umetulia. Ukishuka hadi 170 itazima, na kompyuta itajiwasha upya hovyo. Hii inahitaji stabilizateri, kifaa cha kutuliza volti.

Ya tatu ina swichi ndogo nyekundu nyuma: 115 au 230. Kompyuta nyingi kutoka Marekani zinafika zikiwa kwenye 115. Ukichomeka kwenye umeme wetu hivyo, saketi ya ndani inazidisha volti mara mbili, kapasita za volti 200 zinapata zaidi ya 300 kila moja, na unasikia mlipuko kama wa baruti pamoja na moshi mweupe. Kabla ya kuchomeka mashine yoyote ya okazio kwa mara ya kwanza, pitisha kidole nyuma utafute swichi hiyo. Ikiwa kwenye 230, ibandike kipande cha skochi juu yake ili isisogezwe.

Kama unatumia onduleri (UPS, kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika), kumbuka zile za bei ndogo, zikiwa kwenye betri, hazitoi wimbi laini la umeme bali la ngazi ngazi. Baadhi ya alimantasio zenye PFC hai hazilipendi: umeme unakatika, onduleri inalia, na kompyuta inazima vilevile. Jaribu mapema, kwa kuchomoa onduleri ukutani huku kompyuta ikiwa haina kazi muhimu. VA si wati: onduleri ya VA 650 kwa kawaida inabeba wati 360 hadi 390. Printa ya laser isiwekwe kwenye onduleri hiyo, inavuta nyingi mno inapopasha joto.

Waya wa ardhi nao. Vifaa vinavyotoka Dubai huja na plagi ya Kiingereza ya pini tatu bapa, halafu vinawekewa adapta isiyo na ardhi. Matokeo yake ni kule kuwashwa vidoleni unapogusa chuma cha kasha. Si alimantasio mbovu. Kichujio cha ndani kinapeleka mabaki ya umeme kwenye kasha, na hayana njia ya kwenda ardhini. Tafuta kebo ya plagi ya duara yenye tundu la ardhi, na prizi ambayo kweli imeunganishwa na ardhi. Kubadilisha alimantasio hakutaondoa huko kuwashwa.

Vumbi la Goma, lile jeusi la mawe ya Nyiragongo, ni kali kwa feni. Mji pia uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, sawa na Bukavu, na hewa nyepesi hupoza kidogo kuliko ya pwani. Chagua alimantasio yenye feni kubwa ya milimita 120, na kasha usiliweke sakafuni. Watu wa Lubumbashi wana vumbi lao jekundu la kiangazi. Ushauri ni uleule.

Alama za 80 PLUS, zinazoonyesha umeme kiasi gani haupotei, zina maana, ila usizipe uzito kupita kiasi. Bronze, ikiwa na nusu mzigo, inapoteza asilimia 15 hivi kama joto, Gold kama 10. Kwa kompyuta ya ofisi, Bronze ya kweli inatosha. Alama iliyoandikwa vibaya, au "80+" bila nembo, ichukue kama pambo.

Ukiwa dukani

Ishike mkononi. Alimantasio ya kweli ya wati 500 ina uzito, kwa kawaida kilo moja na nusu au zaidi, kwa sababu ya transfoma, vyuma vya kupozea joto na vichujio. Ikiwa nyepesi kama sanduku tupu, ndani kumekosekana kitu.

Chungulia kwenye wavu kwa tochi ya simu. Tazama vyuma vya kupozea: vinene au vipande vya bati? Karibu na mahali kebo inapoingia pawe na koili na kapasita ndogo za mraba, ndizo kichujio. Pakiwa na nafasi tupu zenye alama za vipande visivyowekwa, mtengenezaji amebana matumizi. Kisha soma maandishi kwenye nyaya: 18AWG ni sawa, 20 au 22 ni nyembamba. Namba ikiwa ndogo, waya ni mnene.

Kwa ya okazio, nusa. Harufu ya kuungua haitoki hata ikipulizwa vumbi. Zungusha feni kwa kijiti, ikikwaruza, imechoka.

Usilipe kabla ya kujaribu. Beba kompyuta yako, useme tu: "Papa, tuijaribu kwanza kwa mashine yangu, niiache iwake nusu saa." Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hakatai. Andikiwa risiti yenye tarehe, modeli na muda wa dhamana, na bei ielezwe ni kwa dola au franki, msije mkabishana kiwango cha kubadilisha siku ya kurudisha.

Kuifunga

Piga picha ya ndani kabla ya kuchomoa chochote. Toa skrubu nne za nyuma huku ukishika alimantasio kwa mkono mwingine. Iliyo juu ya kasha ikianguka inavunja feni ya prosesa.

Ingiza mpya. Kama kasha lina tundu la wavu chini, feni itazame chini. Kama halina, itazame juu au ndani. Funga skrubu zote nne kidogo kidogo kabla ya kukaza.

Chomeka fishi ya 24 mpaka kikufuli kilie. Kisha ya prosesa. Hapa hutokea mkanganyiko: ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi ya picha 6 na 2. Kwenye nyaya za rangi, ya prosesa ina njano upande wa kikufuli, ya kadi ya picha ina nyeusi upande huo. Kusahau fishi ya prosesa ndiyo sababu ya kawaida ya "mpya pia haiwaki".

Kama alimantasio ni ya kebo zinazochomolewa, toa kebo zote za zamani, hata zikionekana sawa kabisa na mpya. Upande wa diski ni wa kawaida, lakini upande wa alimantasio kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na wakati mwingine modeli mbili za kampuni moja hutofautiana. Kebo ngeni inaweza kupeleka volti 12 mahali pa 5, na diski yenye kazi za miaka inakufa papo hapo.

Washa kasha likiwa wazi. Feni zote zinazunguka? Ingia kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya mfumo kuwaka) utazame 12V, 5V na 3.3V, kisha pima njano kwa multimita, maana namba za BIOS hukosea. Endesha kazi nzito kwa saa moja na uguse sehemu ya nyuma: hewa ya uvuguvugu ni kawaida, chuma ambacho mkono hauvumilii si kawaida, rudisha ukiwa bado na dhamana. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, hiyo ni betri ndogo ya CR2032 kwenye kadi mama. Ibadilishe ukiwa bado umefungua.

Umeme ukikatika, zima swichi ya nyuma. Ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuwasha, ili msukumo wa kwanza upite na kipande cha ndani kinachozuia umeme kuingia kwa kishindo kiwe kimepoa. Kikiwa bado cha moto hakizuii chochote. Radi ikianza kunguruma, swichi haitoshi, chomoa kebo ukutani, pamoja na waya wa intaneti.